Mkono Unaolisha

Nilipokuwa mtoto Kilimarondo, mwishoni mwa miaka ya 1950, marehemu mjomba wangu alisomesha Kurani chini ya mwembe. Ujira wake ulikuwa mihogo, kuku, na senti chache za wazazi. Jumbe alipomwita barazani alikwenda, akasalimu kwa heshima, kisha akarudi kwa wanafunzi wake. Hakukaa.

Mjomba hunijia akilini kila ninaposoma habari za masheikh wa Unguja chini ya masultani wa Kibusaidi. Watawala wale walikuwa Waarabu wa Oman wa madhehebu ya Ibadhi, ilhali raia wao wengi walikuwa Masuni wa Kishafii. Ili watawale kwa utulivu, waliweka makadhi wa pande zote mbili. Sayyid Said alimteua Sheikh Abdulaziz al-Amawi wa Barawa kuwa kadhi wa Kilwa angali kijana. Mpango huo ulikuwa wa busara, lakini anayepandishwa na mtu mmoja huweza kushushwa na mtu huyo huyo.

Jambo hili lilidhihirika zama za Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888. Hakuwa adui wa elimu: alileta maji ya mabomba mjini, na mtambo uliochapa vitabu vya Kiibadhi. Hata hivyo, Sheikh Ali bin Abdallah Mazrui wa Mombasa, aliyeutetea Usuni waziwazi, alitiwa gerezani. Huenda hata jina lake lilitia shaka, maana ukoo wa Mazrui uliitawala Mombasa hadi 1837. Sheikh Ahmad bin Sumait, mzaliwa wa Ngazija na kadhi wa Barghash, alikosana naye, akaondoka, akafika hadi Istanbul. Barghash alifariki Machi 1888. Mrithi wake, Sayyid Khalifa, akamfungulia Sheikh Ali. Bin Sumait naye akarudi, akawa kadhi mashuhuri, na akafia Unguja mwaka 1925.

Wengi wakisikia kisa hiki humsifu Khalifa. Mimi hujiuliza: je, Barghash angeishi miaka ishirini zaidi? Haki inayongoja mtu afe si haki, ni bahati.

Sisemi haya kwa kujitukuza. Chuo cha ualimu kilinifunza kwamba mwalimu ni kioo cha jamii. Lakini nilipokuwa mkuu wa shule, mkubwa mmoja alinitaka niandike kwamba mwalimu fulani kijana hafai kazi. Kosa lake lilikuwa kuuliza, mbele ya wazazi, michango yao imetumikaje. Nilijua swali lake ni la haki. Niliandika, naye akahamishwa mbali. Masheikh wale walihatarisha gereza na uhamisho wa ng'ambo. Mimi sikutishiwa lolote, niliuogopea mshahara tu.

Leo nimestaafu, na barua ile bado naikumbuka neno kwa neno. Mjomba alisalimu akarudi kwa wanafunzi wake. Mimi nilibaki barazani.