Beti Fupi za Hekima katika Bara Hindi

Tangu kale waalimu wa Bara Hindi walitumia beti fupi za Kisanskriti kuwafunza watoto adili. Ubeti wa namna hiyo huitwa subhashita, maana yake neno lililonenwa vema. Mara nyingi mizani yake ni silabi 32, yaani vipande vinne vya silabi nane nane. Kwa hiyo mtoto huushika moyoni upesi, na akiwa mzee angali nao.

Kitabu kimoja mashuhuri cha beti hizo ni Hitopadesha, kilichotungwa na Narayana. Naye Charles Wilkins alikifasiri kwa Kiingereza mwaka 1787. Humo mfalme asikitikia ujinga wa wanawe, na mwalimu Vishnusharman aahidi kuwaelimisha kwa miezi sita. Awasimulia hadithi za wanyama, na ndani yake atia beti.

Je, kukariri beti kwatosha kumfanya mtu mwema? Kitabu chenyewe chajibu. Chui milia mzee, mwenye bangili ya dhahabu mkononi, amwita msafiri ukingoni mwa ziwa, akimtajia beti za huruma na sadaka. Msafiri, kwa tamaa, amwamini. Anasa topeni, aliwa. Beti zilikuwa za kweli. Mnenaji ndiye aliyekuwa mwongo.

Basi sisi waalimu tusiridhike mtoto akiisha kusema ubeti pasipo kukosa. Tumfunze pia kuuliza: Ni nani anenaye, na matendo yake ni yapi?