Wakaliwood: filamu iliyookolewa na wanunuzi wake

Leo tuweke kando lugha za programu kidogo. Nataka tuvuke mpaka pale Busia, twende Kampala, hadi mtaa wa mabanda unaoitwa Wakaliga. Huko ndiko iliko studio ya Ramon Film Productions, ambayo dunia inaijua kwa jina la utani la Wakaliwood. Watu wengi wameziona filamu zake mtandaoni, wakacheka, wakapita. Mimi nikiitazama kwa jicho la mtu wa kompyuta naona kisa kingine: jinsi jamii ndogo ya watengeneza filamu ilivyosimama bila benki wala wizara, na jinsi ilivyopoteza kazi yake kubwa kwa sababu diski ilijaa.

Tuanze mbali kidogo, maana bila hili kisa hakieleweki. Hapa Afrika Mashariki sauti na picha zimekuwa vitu viwili tofauti tangu zamani. Kati ya mwaka 1935 na 1937, mradi wa kikoloni ulioitwa Bantu Educational Kinema Experiment ulitengeneza filamu ukiwa na makao yake Vugiri, Tanganyika, na kuzizungusha vijijini Tanganyika, Kenya na Uganda. Maelezo ya lugha za watu yaliwekwa kwenye sahani za santuri, zikachezwa pembeni picha ikiendelea. Picha moja, lugha nyingi. Mtu wa programu hapo atatabasamu!

Miaka ya 1980 zikaja kanda za video, na vibanda vya video vikaota kila mtaa. Filamu ilikuwa ya Kiingereza au Kichina, na watazamaji wengi hawakushika neno. Basi mtu mmoja akachukua kipaza sauti, akawa anaeleza. Uganda wakamwita VJ, yaani “video joker”. Tanzania walimjua sana Lufufu, na hapa kwetu nani hajasikia sauti ya DJ Afro kwenye matatu au kwenye kibanda cha kinyozi? Watu hawa hawatafsiri tu. Wanaongeza utani, wanampa adui jina la mtaani, wanashangilia kabla yako. Kwa watazamaji wengi, filamu isiyo na sauti hiyo ni kama chai isiyo na sukari.

Katika mazingira hayo ndimo alimokulia Isaac Nabwana, aliyezaliwa mwaka 1973. Alipokuwa mtoto hakuwa akiingia vibandani. Kaka zake ndio walioenda, kisha wakarudi nyumbani kumsimulia na kumwigizia walichokiona. Fikiria hilo: mtu aliyeijua sinema kwa masikio kabla ya macho! Alipokuwa mtu mzima alifyatua matofali, akaweka akiba, na mwaka 2005 akaanzisha Ramon. Jina hilo ameliunganisha kutoka kwa bibi zake wawili, Rachael na Monica. Mkewe, Harriet, akawa nguzo ya kuendesha studio hiyo, ambayo ni hapo hapo nyumbani kwao.

Sasa tuangalie mitambo, maana najua mnangoja hapo. Kompyuta aliziunganisha mwenyewe kwa vipuri vilivyokwisha kutumika. Uhariri na athari za picha alijifundisha kwa sehemu kubwa mwenyewe. Kitambaa cha kijani kilitundikwa ukutani, na helikopta inayolipua Kampala ikachorwa ndani ya kompyuta. Bunduki ziliundwa kwa vyuma chakavu na fundi Dauda Bissaso, ambaye pia ni mwigizaji. Damu ilikuwa rangi ya chakula ndani ya kondomu zinazopasuka. Hii ni jua kali ya kweli kweli.

Na pesa je? Waigizaji hawakuwa na mshahara. Filamu ilipokamilika ilichomwa kwenye DVD, kisha waigizaji wenyewe wakazibeba na kwenda kuuza nyumba hadi nyumba, kila mmoja akibaki na sehemu ya bei. Ilibidi wafanye haraka, kwa sababu baada ya siku chache tu maharamia wangekuwa na nakala zao sokoni. Kwa hiyo wa kwanza kuifadhili Wakaliwood hakuwa mzungu wala shirika. Alikuwa jirani aliyefungua mlango, akamkuta mtu aliyevaa kikomando, akacheka, akatoa noti zake mfukoni.

Kwa njia hiyo ndipo ilipotoka filamu ya “Who Killed Captain Alex?” mwaka 2010. Wenyewe husema iligharimu chini ya dola 200. Kapteni Alex anaongoza makomando dhidi ya genge la Tiger Mafia, anauawa, ndugu yake bingwa wa kung fu anakuja kulipiza kisasi, na hadi mwisho huambiwi aliyemuua ni nani!

Hapa ndipo penye uchungu. Ili kutengeneza filamu iliyofuata, Nabwana alihitaji nafasi kwenye diski. Akaifuta Captain Alex. Usimcheke. Piga hesabu: video ya kamera za kanda ndogo za DV hula takriban gigabaiti 13 kwa kila saa moja. Mwenye kompyuta ya vipuri, asiye na diski ya pili, tena anayeishi mahali ambapo umeme huruka na kuunguza vifaa, atahifadhi wapi? Lazima achague kati ya kazi ya jana na mkate wa kesho.

Kilichobaki ni DVD zile zilizouzwa mitaani, na ndani yake mlikuwa na sauti ya VJ Emmie akitania mwanzo hadi mwisho. Unapohariri, kila sauti hukaa kwenye tabaka lake: maneno ya waigizaji, muziki, milio ya risasi, VJ. Ukishachoma DVD, matabaka yote huyeyuka pamoja kama chumvi kwenye maji, na huwezi kuyatenganisha tena kwa usafi. Ndiyo maana filamu ya awali isiyo na VJ haipo tena. Wageni wengi waliipenda kwa sababu ya Emmie, bila kujua kwamba toleo hilo ndilo pekee lililonusurika.

Yaliyofuata ni maarufu zaidi. Kionjo cha filamu hiyo kiliwekwa YouTube mwaka 2010. Mwishoni mwa 2011 kikamfikia Alan Hofmanis, mtu wa tamasha za filamu kutoka New York, naye akakata tiketi ya ndege kuja Kampala. Mwaka 2015 waliomba michango kwenye Kickstarter kwa ajili ya filamu nyingine. Waliomba dola 160 tu, wakapata zaidi ya dola 13,000. Mwaka huo huo Captain Alex nzima ikawekwa YouTube. Mwaka 2016 “Bad Black” ikapata tuzo ya watazamaji kwenye tamasha la Fantastic Fest kule Texas, na mwaka 2019 “Crazy World” ikaonyeshwa Toronto, ikiwa na vipande vya utani vya kuwaonya maharamia katikati ya filamu.

Angalia mpangilio wa miaka. Pesa za mtandao zilikuja miaka 10 baada ya studio kuanza. Zilizidi ombi mara 80 na zaidi, lakini hata zingezidi mara 1,000 zisingerudisha faili lililofutwa. Diski moja ya pili mwaka 2010 ingefanya kazi ambayo umaarufu wote wa baadaye haukuweza. Na kwa kukosekana diski hiyo, hazina ya filamu ikawa ni rafu za majirani. Wanunuzi ndio waliokuwa nakala ya akiba.

Kuna atakayesema, “Basi hata haramia ni mhifadhi.” Ni kweli kwamba nakala yake nayo ni nakala. Lakini DVD iliyouzwa na mwigizaji ilihifadhi filamu na pia ikamlisha aliyeicheza. Ya haramia ilifanya la kwanza na kuvuruga la pili, na mtengenezaji asipokula, hakuna filamu nyingine ya kuhifadhi.

Nasi Kenya? Kumbuka Riverwood, zile vichekesho na drama za Kikuyu, Kikamba na lugha nyingine zilizotoka River Road, Nairobi, kwenye VCD. VCD hukwaruzika, na mashine za kuzichezesha zimekwisha majumbani. Sidhani kila mtengenezaji wa enzi hizo alikuwa na diski ya kutosha kuliko Nabwana.

Kwa hiyo, ukitaka kusaidia watengeneza filamu wa karibu nawe, fanya haya:

1. Nunua nakala halali, hata kama umeshaiona kwa rafiki.
2. Mpe diski, au kifaa cha kuzuia umeme unaoruka. Hakipigiwi makofi, lakini kinaokoa kazi.
3. Kama wewe ni mtu wa kompyuta, jitolee Jumamosi moja: panga mafaili yake, weka nakala mbili, moja ikae nyumba tofauti. Na matabaka ya sauti yahifadhiwe kabla hayajayeyushwa.
4. Chungulia droo ya sebuleni kwa mama. Ukikuta VCD ya Riverwood, usiitupe. Mtafute aliyeitengeneza, umuulize kama yeye mwenyewe bado anayo.

Hiyo ya nne ifanye wiki hii. Usishangae ukiambiwa kwamba iliyo mkononi mwako ndiyo pekee iliyobaki.