Mgeni kwa Hukumu: Nasaba, Ardhi na Mahakama kutoka Virginia hadi Kolwezi

Utangulizi

Mkazi wa Kolwezi anayetaka kujua asili ya ukoo wake huwaendea wazee kwanza. Wazee watamtajia jina la kijiji, la mto, pengine la chifu; kisha masimulizi hufika mahali pa giza, na hapo ndipo watu huanza kuuliza kama hakuna karatasi. Swali hilo si dogo. Mji wa Kolwezi ulianzishwa mwaka 1937 na kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, katika nchi ya Wasanga na jirani zao Walunda. Wengi wa wafanyakazi wa migodi ya Katanga walitoka mbali: Kasai, Rhodesia ya Kaskazini, Angola, Rwanda na Burundi. Katika mji wa namna hiyo, kumwuliza mtu babu yake alitoka wapi ni kuuliza pia kama ana haki ya kukaa.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba nyaraka za ardhi na za mahakama, ambazo watafiti wa nasaba huzitegemea sana, haziishii katika kuhifadhi majina. Nyaraka hizo huamua pia nani ni mwenyeji na nani ni mgeni. Mfano utakaochunguzwa kwanza ni wa mbali: ni wa Mwafrika aliyeishi katika koloni la Kiingereza la Virginia, Marekani, katika karne ya 17. Kisha mafunzo yake yatapimwa kwa hali ya Lualaba.

Antonio wa Virginia

Mwaka 1621 mtu aliyeandikwa kwa jina la Antonio aliwasili Virginia kwa merikebu iliyoitwa James. Wanahistoria wengi wanaona kwamba asili yake ilikuwa Angola. Jina la Antonio ni la ubatizo wa Kireno. Jina alilopewa na wazazi wake halimo katika nyaraka zilizosalia. Mwaka uliofuata, wenyeji wa nchi hiyo walipoyashambulia makazi ya Waingereza, alikuwa miongoni mwa wachache walionusurika katika shamba alilofanya kazi. Alimwoa mwanamke aliyeitwa Mary, aliyewasili mwaka 1622, na baadaye wote wawili wakapata uhuru wao. Tangu hapo aliandikwa kama Anthony Johnson.

Mwaka 1651 Johnson alipewa hati ya ekari 250 katika wilaya ya Northampton. Sheria ya koloni ilimpa mtu ekari 50 kwa kila kichwa cha mtu aliyeletwa kwa gharama yake, naye alidai vichwa vitano. Mwaka 1653, baada ya moto kumwunguzia mali, mahakama ilimwondolea Mary na binti zao wawili kodi kwa maisha yao yote. Muda si mrefu lilifuata shauri ambalo limemfanya ajulikane zaidi. Mtumishi wake mweusi, John Casor, alidai kwamba aliletwa kwa mkataba wa miaka saba au minane na kwamba muda wake ulikwisha zamani. Casor akahamia kwa jirani mzungu, Robert Parker. Johnson alishtaki, na mwezi Machi 1655 mahakama ikaamua kwamba Casor arudishwe kwa bwana wake, na Parker alipe gharama. Hukumu hiyo ni miongoni mwa za mwanzo katika koloni hilo zilizomthibitisha mtu kuwa mtumwa wa maisha ilhali hakuwa na kosa lolote.

Hapa mtafiti wa nasaba anakutana na jambo zito. Babu anayetafutwa kwa fahari, Mwafrika aliyekuwa huru na mwenye shamba, ndiye aliyeisaidia mahakama kumfunga Mwafrika mwenzake. Nyaraka hazimchagulii mtafiti babu wa kumpendeza.

Namna historia hii ilivyofahamika nayo inafaa kuzingatiwa. T. H. Breen na Stephen Innes, katika kitabu chao cha mwaka 1980, na Paul Heinegg, aliyefuatilia koo za Weusi huru wa Virginia na majimbo jirani, walisoma kwa pamoja hati za ardhi, wosia, orodha za kodi na kumbukumbu za mashauri. Jina lililokosekana katika daftari moja lilitafutwa katika jingine. Jirani aliyetia sahihi kama shahidi alitumiwa kumtambua mwenye shamba. Lakini njia hiyo ina mpaka wake. Johnson anajulikana kwa sababu alikuwa na ardhi na aliweza kushtaki. Casor anajulikana kwa sababu aligombaniwa. Wale ambao hawakumiliki kitu wala kugombaniwa, daftari liliwapita.

Hukumu ya mwaka 1670

Katika miaka ya 1660 familia ya Johnson ilihamia Maryland, na Anthony akafariki mwaka 1670. Mwaka huohuo, huko Virginia, baraza la raia walioapishwa liliulizwa kuhusu ardhi aliyoiacha. Jibu lao lilikuwa kwamba marehemu alikuwa mtu mweusi, na kwa sababu hiyo alikuwa mgeni. Kwa hiyo ardhi ingeweza kuchukuliwa na serikali. Mtu aliyeishi katika koloni hilo zaidi ya miaka arobaini, aliyepewa hati na koloni lenyewe na kusikilizwa na mahakama zake, alifanywa mgeni baada ya kufa.

Mwaka 1677 mjukuu wake John alinunua ekari 44 huko Maryland na kuziita Angola. Jina hilo linatokana na ngola, cheo cha wafalme wa Ndongo. Basi neno moja la Kibantu, lililoandikwa na karani wa Kiingereza katika daftari la ardhi, ndilo ushahidi ulio wazi kabisa kwamba ukoo huo ulikumbuka ulikotoka.

Madaftari ya Lualaba

Mtafiti wa Kolwezi akitaka kuifuata njia hiyo, atagundua upesi kwamba mlango wa ardhi umefungwa. Amri ya tarehe 1 Julai 1885 ilitangaza kwamba ardhi tupu ni mali ya Dola, na neno "tupu" lilifasiriwa kwa upana mno: mashamba yaliyopumzishwa, misitu ya kuwindia na mashimo ya shaba ya wahenga yalihesabiwa kuwa hayana mwenyewe. Tangu mwaka 1900, Comité Spécial du Katanga ndiyo iliyosimamia ardhi hiyo. Kwa hiyo madaftari ya ardhi ya wakati huo yanataja hasa makampuni, misheni na walowezi. Kutokuwamo kwa jina la mwanakijiji si dalili kwamba hakuwa na ardhi. Ni dalili ya sheria iliyoliandika daftari.

Inabaki milango mingine mitatu. Wa kwanza ni mahakama za wenyeji, zilizopangwa kwa dekreti ya tarehe 15 Aprili 1926. Humo mna mashauri ya mahari, mirathi, madeni na mipaka, na mna majina ya watu wasiopata kamwe hati ya ardhi. Wa pili ni madaftari ya ubatizo na ndoa ya misheni. Wa tatu ni kumbukumbu za kampuni. Tangu mwaka 1928 hivi, Union Minière ilipoanza kuwatuliza wafanyakazi pamoja na wake na watoto wao katika kambi, familia nzima ziliingia katika maandishi yake.

Kwa mwanaisimu, milango hii yote ina tatizo moja: maneno yalisemwa kwa lugha moja na kuandikwa kwa nyingine. Wadai na mashahidi wengi wa kambini walisema Kiswahili cha Katanga, na kumbukumbu ikaishia katika Kifaransa. Majina nayo yaliandikwa kwa tahajia ya kila karani. Hata mtawala mashuhuri wa Bunkeya, aliyeuawa tarehe 20 Desemba 1891, anaonekana kama Msiri, M'Siri, Msidi na Mushidi. Ikiwa mfalme ameandikwa kwa namna nne, mchimba shaba ataandikwa kwa namna ngapi? Zaidi ya hayo, mwaka 1972 serikali ya Mobutu iliwataka raia waache majina ya ubatizo ya kigeni, hivyo mtu mmoja anaweza kuwa na jina moja katika daftari la misheni na jingine katika hati za baadaye.

Kuna hata hivyo ushahidi ambao Virginia haikuwa nao. Mwaka 1965, watu waliokuwa watumishi wa nyumbani huko Elisabethville walitayarisha historia ya mji wao kwa Kiswahili, iliyoandikwa na André Yav na kuchapishwa na Johannes Fabian mwaka 1990. Humo wafanyakazi wanasimulia wenyewe, kwa lugha yao ya kila siku, namna walivyoletwa na kutendewa. Maandishi ya aina hiyo yanafaa kusomwa kando ya faili la kampuni.

Hitimisho

Katika miaka ya 1992 na 1993, watu wa asili ya Kasai walifukuzwa kwa wingi kutoka Shaba, kama Katanga ilivyoitwa wakati huo. Maelfu walikaa katika stesheni za reli za Likasi na Kolwezi wakingoja treni. Wengi walizaliwa papo hapo. Baba au babu zao ndio walioletwa na kampuni. Waliitwa bilulu, yaani wadudu, kwa Kiswahili kilekile walichokisema wao na waliowafukuza. Hukumu ya mwaka 1670 ilitolewa upya, safari hii bila mahakama.

Suala la ardhi nalo halijapoa. Sheria ya tarehe 20 Julai 1973 iliahidi kwamba haki za jamii za vijijini juu ya ardhi zao zingepangwa kwa amri ya rais, na miongo ikapita bila amri hiyo. Mwaka 2023 shirika la Amnesty International na shirika la Kikongo la IBGDH yalichapisha ripoti juu ya watu waliohamishwa kwa nguvu katika eneo la Kolwezi ili kupisha migodi ya shaba na kobalti.

Kwa hiyo utafiti wa nasaba katika Lualaba hauna budi kuanza na swali juu ya daftari lenyewe: nani aliandika, kwa lugha gani, na jibu lilikusudiwa kumnufaisha nani. Wanafunzi wa Kiswahili wana kazi ya pekee hapa. Wao wanaweza kulirudisha jina lililoharibiwa na tahajia kwenye matamshi yake, kulipambanisha na masimulizi ya wazee, na kuyaandika masimulizi hayo wakati wasimulizi wangalipo. Kazi hiyo ifanywe kwa uangalifu: karatasi inayomwonyesha mjukuu kijiji cha babu yake ndiyo hiyohiyo inayoweza kutumiwa na mwingine kumwambia arudi huko.