Mfupa Hauna Tarehe

Njia ya Peddars Way, waliyoiacha Warumi, inakata Norfolk mashariki mwa Uingereza na kukomea karibu na bahari, kijijini Holme-next-the-Sea. Mimi niliifuata kwa sababu ya Ruth Galloway, mwanaakiolojia wa kwenye riwaya za Elly Griffiths. Ruth anaishi na paka wake ukingoni mwa kinamasi cha chumvi, anafundisha chuo kikuu, na kila mifupa ikifukuliwa polisi humwita. Riwaya ni 15, kuanzia The Crossing Places ya mwaka 2009 hadi The Last Remains ya 2023.

Katika ile ya kwanza, mkaguzi Harry Nelson anadhani amempata mtoto aliyepotea miaka kumi nyuma. Ruth anaiangalia mifupa: ni ya Enzi ya Chuma, yapata miaka elfu mbili.

Msomaji mkali atasema hayo yametungwa mno. Basi aende Lindow Moss, Cheshire. Mwaka 1983 wachimba mboji waliibua fuvu la kichwa. Jirani na hapo aliishi mwanamume ambaye mkewe alitoweka zaidi ya miaka 20 kabla. Alipoulizwa, akakiri kumuua. Majibu ya maabara yakaja: fuvu lilikuwa na umri wa miaka kama 1,700! Hata hivyo alihukumiwa kwa kukiri kwake, na mwili wa mkewe haukuonekana kamwe. Maji ya kinamasi hayana hewa ya kuozesha, kwa hiyo wa juzi na wa kale hulala pamoja, na askari hana jicho la kuwatenganisha.

Pwani ya Holme nayo ilihifadhi mti. Mwaka 1998 mawimbi yalifunua duara la magogo 55 ya mwaloni, na katikati kisiki kikubwa kilichopinduliwa, mizizi juu. Pete za miti zilionyesha kwamba ilikatwa mwaka 2049 K.K. Wataalamu walipoanza kuing'oa mwaka uliofuata, baadhi ya wanakijiji na wafuasi wa dini ya kidruidi walikuja juu: kwa nini kiguswe kitu kitakatifu? Aliyemsoma Cathbad, mdruidi wa Griffiths mwenye joho, atawatambua watu hao mara moja.

Pale ufukweni sasa hakuna cha kuona ila matope na ndege. Magogo yako Lynn Museum, mjini King's Lynn, na hapo ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi. Alama za makali bado zimo kwenye mti. Waliozipima walihesabu mashoka ya shaba nyeusi yasiyopungua 50, yaani karibu kila gogo na shoka lake: huenda kijiji kizima kilitoka kwa kazi hiyo. Kwa ajili ya nani? Ndani ya duara hakukupatikana maiti. Ruth angerudi nyumbani kuwalisha paka.