Ng'ambo ya Ziwa Si Karibu

Mvua ikishanyesha na hewa ikatakata, ukisimama ukingoni mwa mlima upande huu wa Uganda, unaiona milima ya Ituri waziwazi ng'ambo ya Ziwa Albert. Siku moja mtoto wangu aliniuliza: "Papa, kule ni karibu tu. Juu ya nini haturudi?" Nikakosa jibu, nikaenda kulitafuta vitabuni.

Karibu miaka 1000 iliyopita, Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra, aliandika kwamba umbali tunaukadiria kwa vitu tunavyovijua vilivyopangana katikati, hasa ardhi tuliyoizoea kwa miguu. Vikikosekana, macho hubahatisha. Mwaka 1838 Mwingereza Charles Wheatstone akaonyesha kwamba kila jicho huona picha tofauti kidogo, na tofauti hiyo ndiyo hutupa kina. Ila kitu kikiwa mbali sana, msaada huo hufifia.

Kwetu Ituri kuna kisa mashuhuri. Colin Turnbull, aliyeishi na Wambuti msituni miaka ya 1950, alimpeleka Kenge, Mmbuti, hadi mbugani karibu na Ziwa Edward. Kenge akaona nyati kwa mbali, akauliza wale ni wadudu gani. Kuambiwa ni nyati, akacheka. Gari lilipowakaribia na wao wakazidi kuwa wakubwa, akashuku uchawi.

Kisa hicho kilichapishwa 1961, na wako wanaokisimulia wakimcheka Kenge. Mimi simcheki. Msitu mnene haukuachii nafasi ya kutazama mbali. Mnyama unamsikia kabla hujamwona. Tena huyo ni mtu mmoja, siku moja. Hatoshi kuwa kipimo cha watu wote wa msitu.

Mtoto wangu naye hana kosa. Kati ya macho yake na ile milima kuna maji matupu, yapata kilomita 30, hakuna mti wala nyumba ya kupimia. Mimi ya katikati nayajua: nyumba iliyochomwa, usiku mzima ndani ya mtumbwi uliojaa watu. Yeye alivuka amelala mgongoni mwa mama yake.

Basi nilimwambia: "Ni mbali, mwanangu. Ila kunaonekana."

Na ninyi wa mashirika, mnaotuuliza kwenye fomu kwetu ni umbali gani, andikeni kilomita. Halafu mtuulize pia katikati kuna nini.