Mizani au Mafaili: Ujira wa Msimu na Fildi ya Mwanafunzi wa Chuo Songea

Likizo ndefu ikikaribia, mwanafunzi wa chuo hupewa ushauri uleule: asikimbilie vijisenti vya msimu, atafute ofisi ya kufanyia fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, maana ofisi ndiyo itakayompa watu wa kumshika mkono. Makala hii inaupinga ushauri huo kwa wanafunzi wa uhasibu, ugavi na biashara wanaorudi Ruvuma. Dar es Salaam, penye benki na kampuni za ukaguzi, ushauri huo una mantiki. Songea mwajiri mkubwa wa miezi hiyo ni mazao.

Kwamba nadharia bila vitendo ni pungufu, hakuna anayebisha tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ya 1967. Ugomvi uko kwenye Azimio la Musoma la 1974, lililotaka wahitimu wa kidato cha sita wafanye kazi kwanza ndipo waombe chuo kikuu. Wapo wanaolitaja kama ushahidi kwamba kazi na chuo havipikiki chungu kimoja. Wanasoma historia nusunusu. Kilicholikwamisha ni ulazima na ucheleweshaji: wasichana walipungua vyuoni hata ikabidi wasamehewe sharti hilo. Hayo hayathibitishi kwamba kazi haifundishi.

Tuje sasa kwenye logibuku, daftari ambamo mwanafunzi huandika kazi zake za kila siku za fildi. Katika nilizozipitia kama msimamizi, za maofisini zinafanana kiasi cha kutia shaka: kupanga mafaili, kugonga mihuri, kupeleka barua masijala, na wiki inayofuata kupanga mafaili tena. Mwanafunzi aliyesomea ulinganisho wa hesabu miaka miwili anamaliza fildi bila kulinganisha hesabu hata moja.

Mweke sasa kijana huyohuyo awe karani wa msimu kwenye AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika wa mazao, wakati wa mbaazi. Mkulima anashusha gunia; karani anachoma bambo, anatazama takataka na unyevu, anapima, anatoa uzito wa gunia tupu, anaandika stakabadhi. Jioni jumla ya stakabadhi lazima ilingane na daftari la mizani. Mzigo ukifika ghala kuu unapimwa upya, na hapo ndipo shule ilipo: kilo zimepungua. Ni unyaufu wa kawaida, mizani mbovu, au kuna mtu kapitisha mkono? Baada ya mazao kuuzwa mnadani inabidi kila mkulima apewe hesabu ya makato yake, na wakulima wa wilaya ya Namtumbo hawaoni haya kuuliza mara tatu. Sijui mtihani wa ukaguzi unaoukaribia huo. Na mwishoni kuna ujira, jambo ambalo wanazuoni wenzangu hulitaja kwa aibu, ilhali asiye na mkopo wa Bodi ya Mikopo hulipa nauli na chakula mfukoni mwake ili akagonge mihuri ya watu bure.

Hoja nzito ya upande wa pili ni kwamba mwajiri wa msimu hana wajibu wa kufundisha, na anaweza kumtumikisha kijana. Ni kweli. Lakini ofisi nayo hailazimiki sana: mwongozo wa taifa wa mafunzo ya uzoefu wa kazi wa 2017 unamlenga mhitimu, si aliye bado darasani. Anayelipwa walau ana Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ya kusimamia. Kwa mwanafunzi wa uuguzi wa Peramiho au mwalimu mwanafunzi wa Matogoro mjadala huu haupo. Wodi na darasa havina mbadala, na sipendekezi viwe nao.

Kwa fani za biashara, pendekezo langu ni dogo: chuo kikubali kazi yenye ujira kuwa fildi, mradi ina daftari linalokaguliwa na mtu wa kuwajibika. Huenda AMCOS nyingine hazitakidhi hata hilo. Ila msimamizi anayefika ofisini mara moja, akasaini na kuondoka, anaweza pia kufika ghalani, akaomba daftari la mizani na kumuuliza mwanafunzi kilo zilizopungua zimekwenda wapi.