Maombolezo kwa Mji Uliozingirwa: Sarajevo, 1992–1996

Katika historia, mji uliozingirwa mara nyingi huombolezwa baada ya kuanguka. Sarajevo, mji mkuu wa Bosnia na Herzegovina, uliombolezwa ungali katika mzingiro. Tunakusudia hapa kuutazama wimbo mmoja uliotokana na mateso hayo, "Miss Sarajevo", na kujiuliza maombolezo ya namna hiyo yana kazi gani.

Mzingiro ulianza Aprili 1992, Bosnia ilipokwisha kujitenga na Yugoslavia, ukakoma Februari 1996. Majeshi ya Waserbia wa Bosnia yalishika milima inayouzunguka mji, yakawapiga wenyeji kwa mizinga na bunduki. Watu zaidi ya 11,000 walikufa. Mei 1993 Umoja wa Mataifa uliutangaza mji huo kuwa eneo la usalama, lakini mauaji yaliendelea.

Mwezi huohuo wasichana walifanya mashindano ya urembo chini ya ardhi, wakasimama jukwaani na bango lililoisihi dunia isiache wauawe. Mmarekani Bill Carter aliyaonyesha hayo katika filamu yake. Kundi la U2 na Brian Eno wakatunga wimbo, na Luciano Pavarotti akaimba sehemu yake kwa Kiitalia. Waliuimba hadharani Modena, Italia, Septemba 1995, majuma machache baada ya kombora kuua watu 43 sokoni Markale.

Msomaji wa Biblia atatambua humo mwangwi wa Mhubiri sura ya 3. Lakini Mhubiri hutamka. Wimbo huu huuliza. Tena huweka ibada ya Wakristo na ya Waislamu bega kwa bega, katika vita ambamo dini ilikuwa imefanywa alama ya adui. Hapo ndipo tunapoona uzito wake: unawalilia wakazi wa mji mmoja, wala hauwagawi.

Hatudai kwamba wimbo ulikomesha vita. Mashambulio ya ndege za NATO yalitangulia, yakafuatwa na mapatano ya Dayton, yaliyotiwa sahihi Paris tarehe 14 Desemba 1995. Hata hivyo, dunia haikukosa habari; ilikosa kuona kwamba wanaokufa ni jirani zake. Septemba 1997 U2 waliimba katika uwanja wa Koševo, jirani na makaburi, mbele ya watu wapatao 45,000. Maombolezo hayamfufui aliyekufa. Humzuia aliye hai asizoee kifo cha mwenzake.